Nyanya Wangu na Nyanya Zake

Zamu ya insha ni yangu na nimeichelewesha wiki mbili, mnisamehe. Sola ya jirani ninakochajia simu iliharibika, na betri ya simu yangu si mnaijua. Mada tuliyopewa ni raha ndogo za nyumbani. Nilipoiona kwanza nilicheka, kwa sababu nimeishi miaka minane Kalobeyei ambako "nyumbani" lilikuwa neno la kwaya tu. Lakini sasa niko Juba, na nina jambo moja la kusema. Linahusu nyanya.

Utaniuliza nyanya yupi, au nyanya zipi. Sisi tuliosoma Kenya tunajua: nyanya wako ni mama yake mamako, na nyanya zako ni zile unazokaanga na kitunguu. Watanzania wanasema bibi, hao hawana shida hiyo. Hapa Juba bibi anaitwa habuba na nyanya zinaitwa tamatim, kwa hiyo siku nilipomweleza Habuba kwamba kwa Kiswahili yeye na tamatim wana jina moja, alicheka mpaka akapangusa machozi na kitenge. Halafu akaniuliza kama babu naye ni kitunguu.

Wengi wenu hamjui nilivyofika hapa, nitasema haraka. Tulitoka Juba baada ya vita vya Julai 2016, mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Tukapita Torit, Kapoeta, tukavuka pale Nadapal, tukalala Lokichoggio, tukapelekwa Kalobeyei ambako ndiyo kwanza watu walikuwa wanaanza kujengewa. Mama, mimi, na dada zangu wawili. Habuba alikataa kuja. Alisema amekimbia mara nyingi katika maisha yake, miguu imemaliza zamu yake. Nikamaliza kidato cha nne, nikakaa bila kazi, na mwanzoni mwa 2024 mama akaniambia niende nikamwangalie mama yake kwa sababu kwenye simu sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ndogo.

Kule niliitwa mkimbizi. Hapa naitwa mrejea. Lakini unarejeaje mahali usipopajua? Kibari changu ni cha mtoto wa darasa la tano. Kiarabu cha Juba nilikuwa nimekisahau nusu. Mwanzoni mimi na Habuba tuliongea kwa maneno yale yanayofanana: samaki, sabuni, kitabu, dawa, maskini. Ukijua hayo matano unaweza kuishi na mtu wiki nzima bila kugombana, tumejaribu.

Na niwaambie ukweli ambao sikumwambia mama. Miezi yote ile ya kwanza sikufungua begi langu. Lile begi jeusi la shule, mnalikumbuka. Nilikuwa natoa nguo ya siku, nafua, nakausha, nairudisha ndani. Cheti changu, kadi, chaja, shilingi za Kenya kidogo, vyote viko tayari. Lilikaa chini ya kitanda likiangalia mlango. Nadhani kila anayesoma hapa anajua begi la namna hiyo.

Nyumba ya Habuba iko Gudele. Ni vyumba viwili vya matofali na bati, ua wa mabati ya zamani, mwembe mmoja, na nyuma ya jiko kipande cha ardhi ambacho ukilaza milango miwili unakimaliza. Hapo ndipo nyanya zake zilipo. Nilipofika nilishangaa anahangaika nazo za nini, wakati soko la Jebel na Konyo Konyo zimejaa nyanya. Nyingi zinaletwa kutoka Uganda kwa malori, wanapita Elegu, wanavuka Nimule, halafu ile lami ya kilomita 192 iliyokamilika 2012. Barabara ikiwa nzuri nyanya zipo. Wakisema kuna risasi njiani, au dola imepanda, fungu la nyanya nne linakuwa la nyanya tatu, kesho yake mbili, na bei haishuki. Ukitaka kujua hali ya nchi hii usisikilize redio, hesabu nyanya kwenye fungu.

Lakini Habuba hapandi kwa sababu ya bei. Anasema zile za lori hazina harufu. Zinachumwa bado kijani ili zivumilie safari, zinaivia gizani ndani ya kreti. Yeye akichuma nyanya, kabla ya kuiweka kwenye bakuli anainusa pale kwenye kikonyo, anafunga macho. Kila moja. Kama mtu anayesalimia.

Mbegu ni zake mwenyewe, miaka na miaka. Nitaeleza anavyofanya kwa sababu kuna wenzetu Kalobeyei wanaolima kwenye magunia na itawasaidia. Anachagua nyanya iliyoiva kabisa kutoka kwenye mche ulio na afya kuliko yote (sio tunda kubwa, mche bora, amenisahihisha mara tatu). Anaikamua mbegu zake kwenye kikombe pamoja na ule ute, anaongeza maji kidogo, anaacha siku mbili tatu mpaka juu pafanye ukungu na panuke vibaya. Ule ute ndio unaozuia mbegu isiote ndani ya tunda, kwa hiyo lazima uoze utoke. Halafu anaosha. Zinazoelea anamwaga, zilizozama anaanika kivulini kwenye kitambaa. Zikikauka anakunja kitambaa, anakishona pembeni, basi. Hakuna pakiti, hakuna jina.

Nilimwambia kule kambini shirika moja lilitugawia mbegu za pakiti, nyanya zikawa kubwa na nyekundu, lakini tulipohifadhi mbegu zake na kuzipanda tena zikatoka kila moja na tabia yake. Mwalimu wa kilimo alitueleza kwamba zile ni mbegu chotara, kila msimu unanunua upya. Habuba akasikiliza vizuri, akafikiri, akasema: "Kwa hiyo wanakupa mtoto asiyezaa." Mlio wa mashirika mnaosoma hapa, sijasema mimi. Ni nyanya wangu.

Maji ndiyo ugomvi wetu wa kwanza. Mtaa wetu hauna bomba. Maji tunanunua kwa pipa kutoka kwenye magari ya tangi yanayovuta mtoni, na pipa likiisha kabla ya hela kuingia ni shida. Mimi mtoto wa kambi, nimelelewa kwenye foleni ya bomba, nikiona mtu anamwagia mmea maji roho inaniuma. Kumbe hatumii maji safi. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kusuuzia vyombo, yale ya mwisho ya kufua ambayo sabuni imekwisha, yote yana ndoo yake. Asubuhi kabla ya jua kali anapita na kopo, anamwagia chini kwenye shina, hagusi majani. Kila siku kiasi kilekile. Ukiziacha zikauke halafu ukazifurikisha, anasema, tunda linaoza kitako. Ni kweli, nilizifanyia hivyo siku nne alipokuwa mgonjwa, tukapoteza karibu nusu ya zilizokuwa zimeshika mwaka ule wa kwanza. Hakunigombeza. Alizipanga zile zenye kitako cheusi juu ya ukuta mdogo wa jiko, zikakaa pale wiki nzima nizione.

Sasa jioni. Jioni kwetu ni ya milaya.

Kwa wasiojua, milaya ni shuka. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni hiyo tu. Lakini huku ukisema milaya watu wanaelewa shuka jeupe la pamba, au la rangi moja, lililotariziwa kwa mkono: maua, ndege, tausi, majani yanayozunguka pembeni, na mara nyingi ukingo umefumwa kwa kroshia. Linatandikwa kitandani mgeni akija, linafunikwa kwenye viti na meza, linaning'inizwa ukutani siku ya harusi. Zamani msichana alitayarisha zake kabla ya kuolewa, na watu walimsoma tabia yake kwenye mishono. Na vita vilipokuja ilikuwa kitu cha kubeba, maana ni chepesi, unafungia vitu vingine ndani yake, na ukifika ugenini unaweza kukiuza. Waliokimbilia Bidi Bidi kule Yumbe, kambi ilipofunguliwa Agosti 2016, wengi walikwenda nazo, na mpaka leo kuna akina mama kule wanakaa chini ya miti wanatarizi na kuuza. Habuba alijifunza akiwa msichana, kabla ya mkataba wa Addis Ababa wa 1972, na hajaacha.

Kazi yangu ilikuwa moja: kutunga uzi kwenye sindano. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto zaidi. Jina lake liko kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji na tunangoja. Rangi anaziona, mkono unajua njia, lakini tundu la sindano halioni. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, ananiita, "Ya jena, ibra," yaani mtoto, sindano, nami nakwenda kumtungia nyuzi kumi na mbili kwenye sindano kumi na mbili, nazichomeka kwenye kifuto cha kiti, halafu nakwenda zangu kuongea na nyinyi kwenye simu.

Anaomba wakati anatarizi. Msidhani ni maombi ya kelele. Anataja watu na mahali walipo, tena kwa utaratibu, kama mwalimu anayeita rejista. Binti yangu Kalobeyei na watoto wake. Kaka yangu Arua. Mtoto wa dada yangu Omaha, ambako kuna baridi. Dada yake mdogo aliyekuwa Khartoum, ambaye vita vya Aprili 2023 vilimtoa huko, akarudi kupitia Renk na mfuko mmoja, naye sasa yuko Malakal. Na mimi, ambaye nimekaa hatua tatu kutoka kwake: "na huyu, ambaye yuko hapa lakini hajafika." Miezi kadhaa nilidhani nimesikia vibaya Kiarabu chake.

Jumapili sindano haishikwi. Inachomekwa kwenye pazia Jumamosi jioni na inakaa hapo mpaka Jumatatu. Tunakwenda kanisani mapema, yeye na akina mama wenzake, mimi nikibeba kiti chake kwa sababu mabenchi hayatoshi. Imani yangu mimi ilikuwa imechoka, sitawadanganya. Nilishawahi kumwambia Mungu ameisahau Juba. Akanijibu kwamba Februari 2023 Papa Francis alikuja hapa pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa kanisa la Uskoti, wakaomba pamoja pale kwenye kaburi la John Garang, na yeye alikuwepo amesimama tangu mchana na jua lote lile. "Hata Mungu akisahau," akasema, "watu watatu walitumwa kumkumbusha." Si jibu la kitabu cha teolojia. Lakini nilinyamaza.

Sasa nifike kwenye mwaka 2025.

Mbegu alizisia mwisho wa Januari kwenye karai lililotoboka. Februari ikawa tanuri. Mnakumbuka serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, wanafunzi walikuwa wanazimia hapa Juba. Kwenye joto hilo ndipo tulipohamisha miche, jioni sana, kila mche na kopo lake la maji machafu. Kumi na nane. Mbuzi wa jirani akala miwili siku ya tatu, zikabaki kumi na sita. Huyo mbuzi bado yuko hai kwa neema tu.

Halafu Machi. Tukasikia Nasir kumechafuka. Kila siku habari mpya: huyu kakamatwa, yule katoroka, balozi fulani imeondoa watu wake, nyingine imefunga mlango kwa muda. Mwisho wa mwezi Makamu wa Kwanza wa Rais akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Mliokuwa Juba 2013 au 2016 mnajua mji unavyokuwa. Watu wanaongea kwa sauti ya chini hata wakinunua chumvi. Maduka yanafungwa saa kumi. Jirani yetu wa mkono wa kulia alipakia watoto na magodoro kwenye gari la Nimule, akatuachia funguo na kuku wawili.

Na nyanya zikaanza kudondosha maua. Zilikuwa zimechanua vizuri, njano kabisa, halafu kila asubuhi naamka nakuta maua chini, yamekatika pale kwenye kiungo. Sasa najua sababu: nyanya haipendi usiku wa joto. Mchana ukiwa mkali sana na usiku usipopoa, poleni inaharibika, ua halishiki tunda, mmea unalitupa. Lakini wakati ule niliona ni ishara. Nilihesabu siku moja maua arobaini na kitu chini, nikaingia chumbani nikavuta begi.

Nilimpigia mama. Nilitaka aniambie njoo. Akaniambia mgao umepunguzwa tena, watu wameandamana, na kwamba kama nitarudi nitakula sehemu ya dada zangu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepima unga. Nikakata simu, nikakaa juu ya begi.

Nilipotoka nje nikamkuta Habuba juu ya stuli, miaka sabini na kitu, anafunga kamba kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya jiko. Mkononi ana milaya. Sio ile anayoitengeneza, ile ya zamani, yenye tausi wawili, ambayo aliitarizi kwa ajili ya harusi ya mama yangu. Imekwangukakwanguka, katikati imekuwa nyembamba kama chachi, lakini ni ile. Anaitundika juu ya nyanya ziwe na kivuli.

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mtu mzima. Kwamba mji unawaka na yeye anafunika nyanya. Kwamba ile ni ya mama, na mama hana kitu kingine cha huku. Kwamba nyanya kumi na sita hazitamwokoa mtu. Nilisema kwa Kiswahili nusu na Kiarabu nusu, nikiamini hapati yote. Akangoja nimalize. Akashuka taratibu, akashika bega langu ili asianguke, akasema:

"Begi nimeliona. Siku zote naliona, macho yangu hayajafa. Ukiondoka, nijazie pipa kwanza. Mimi ndoo siwezi."

Akaingia ndani kulala.

Wapendwa, sikukaa kwa ushujaa. Ningependa kuandika hivyo na mngenipigia makofi. Usiku ule nilihesabu hela, haikutosha nauli. Asubuhi gari la maji likaja, nikajaza pipa kama alivyosema, na kwa kuwa pipa lilikuwa limejaa na mimi niko pale nimesimama, nikachukua kopo nikamwagilia. Chini ya ile milaya kulikuwa na hewa nyingine. Jua likipita kwenye kitambaa kilichochakaa linakuwa jepesi, na kivuli cha mishono kilianguka juu ya majani, ukiangalia vizuri unaona mkia wa tausi. Nikakaa pale karibu saa nzima. Kesho yake nikafanya tena.

Siku hizo ndipo aliponiambia kwamba haoni tena mwisho wa jani analotarizi. Alikuwa anafanya milaya mpya ya dada yangu, ambaye ataolewa, na robo moja ilikuwa imebaki. Alisema kama anayesema chumvi imekwisha. Kisha akanipa ile fremu, duara mbili za mbao zinazobana kitambaa, akaweka kidole chake juu ya changu.

Vijana, mnajua aibu yetu. Mvulana anatarizi? Kazi ya wasichana? Wale wa kijiweni walinipitia wakaniita "arusi" kwa miezi miwili. Lakini nikamkumbuka mwalimu wetu mmoja, yule wa kutoka Lamu, aliyekuwa akishona kofia wakati wa mapumziko, tundu moja moja, na hakuna aliyethubutu kumcheka kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kule pwani wanaume hushona kofia tangu zamani. Nikajiambia basi mimi ni mtu wa pwani ya Bahr el Jebel.

Nilianza na majani. Jani linasamehe, ukikosea linakuwa jani lililoliwa na mdudu. Ua halisamehe. Habuba hakuangalia kazi yangu, aliipapasa. Alipitisha kidole gumba juu ya mishono, na pale nilipovuta uzi sana kitambaa kikajikunja alisimama hapohapo, akasema "fumua." Nimefumua jani moja mara tano. Usiku huohuo ndipo nilipogundua kwamba siwezi kutunga mishono na kusoma uvumi kwenye simu kwa pamoja, mkono mmoja lazima uache. Na kwamba kimya kikiwa kirefu, yeye anaanza rejista yake, Kalobeyei, Arua, Omaha, Malakal, na mimi bila kujua nikawa namsaidia akisahau jina.

Mvua ikaja Aprili. Usiku mmoja wa upepo, bati likalia, na asubuhi nchi ikawa na harufu ile. Usiku ukapoa. Maua yaliyofuata hayakudondoka yote, na mwanzoni mwa Mei nikaona cha kwanza, kijani, ukubwa wa punje ya njegere, nyuma ya ua lililokauka. Nilimwita kwa kelele akadhani ni mbuzi.

Nyanya ya kwanza tuliila mwisho wa Mei. Moja, watu wawili. Aliinusa, akafunga macho, akanipa mimi ninuse. Halafu akaikata kwa kisu, chumvi kidogo, tukala tumesimama hapohapo juani. Sitajaribu kueleza ladha. Zilipokuwa nyingi tulifanya salata kwa dakwa, ile ya siagi ya karanga na ndimu na kitunguu, tukala na kisra. Akina mama wa kanisa wakapata bakuli. Jirani aliporudi kutoka Nimule na magodoro yake akapata bakuli, na funguo zake, na kuku mmoja. Kuhusu yule wa pili tulikiri.

Hali ya Juba sitasema imetulia, mnasikia wenyewe. Mimi sijui mwakani nitakuwa wapi, na yeyote anayekwambia anajua, mwache aongee. Orodha ya macho haijafika kwa Habuba.

Milaya ya dada nimeimaliza Septemba. Kona moja ina majani mabaya, atajua ni yangu. Ilipofika wakati wa kuituma sikuwa na kitu cha kuitia isilowe njiani, kwa hiyo nilitoa nguo zangu kwenye lile begi jeusi, nikazipanga kwenye sanduku la Habuba upande alionipa, nikakunja milaya ndani ya begi na kumpa mtu aliyekuwa anapita Nadapal. Katikati ya mikunjo niliweka kipande cha kitambaa kilichoshonwa pembeni.

Juzi mama ametuma picha. Gunia moja mbele ya mlango, na miche saba. Mlio Kijiji cha Pili, mkipita pale mchungulie mniambie zinaendeleaje. Msichume lakini.